Kabla Weldon Hajaitika

Mimi Mongina nina mdomo, sikatai. Nilitoka Nyamira nikaolewa hapa Kericho kwa Wakipsigis. Mama mkwe wangu, tunayemwita Kogo kama wajukuu wanavyomwita, alinifunza kukamua, kusafisha kibuyu cha maziwa, na kutumia neno tetemeko. Hilo la mwisho nililicheka.

Kwao, ardhi ikitikisika hakuna anayelitaja. Kwanza mnaitana majina, kuanzia mdogo, na kila mtu aitike. Wote wakishaitika, mkubwa wa boma ndiye anasema lilikuwa tetemeko. Kogo alisema kulitaja ni kufunga mlango, na asiyeitika anafungiwa huko chini. Nikamwambia shuleni tulifunzwa ni miamba tu inasonga.

Jumanne ile mume wangu Weldon alikuwa anachimba kisima upande wa chini wa shamba, amefika futi thelathini. Mimi na Kogo tulikuwa tunachuma chai. Mara majani ya chai yakaanza kutikisika shamba zima, na upepo haukuwepo. Kogo akaanza kuita. Binti yetu Maxine akaitika kutoka jikoni. Simu yangu ikalia, dada yangu anauliza kama na sisi tumesikia. Ulimi hauna mfupa, jamani. Nikamjibu:

"Ni tetemeko tu."

Kogo aliniangalia, kapu likamtoka mgongoni. Weldon alikuwa hajaitika.

Nilikimbia kisimani nikiita mpaka koo likauma. Kamba aliyoshukia ilikuwa inasonga. Tukaivuta, akatoka mzima, matope mpaka kwenye nyusi, hata mkwaruzo hana. Nililia kwa furaha, nikamwita jina. Akafungua mdomo kunijibu, pasitoke kitu.

"Niko," sauti yake ikasema, kutoka kisimani.

Daktari amemwangalia koo, anasema ni mshtuko. Majirani wanataka tufukie lile shimo. Nimewakatalia vibaya, hata mzee wa kanisa nimemfukuza. Nifukie sauti ya mume wangu?

Majuto ni mjukuu, lakini yangu yalikuja siku hiyo hiyo. Kila asubuhi tunaenda wawili ukingoni. Weldon ananishika mkono, mimi naita. Mwanzoni sauti yake ilikuwa inajibu papo hapo, karibu, hata kicheko chake nasikia.

Leo nimeita mara tatu. Weldon amenibana vidole mpaka vikauma, tukangoja, halafu ikaja, ndogo, kutoka mbali sana.