Ukurasa wa Kumi na Nne

Siku Chepngeno alipokata ukurasa wa kitabu cha maktaba alikuwa na sababu nne, na zote zilikuwa za kweli. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nane, kwa hivyo mashine ya fotokopi haikufanya kazi. Simu yake ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Maktaba ilikuwa inafungwa saa kumi na moja, na Madam Rodah alikuwa ameshaanza kufunga madirisha. Tena insha yake ya historia ilitakiwa kufika mezani kwa Dkt. Nyamwange kesho yake asubuhi, ikiwa imeambatishwa nakala ya kila stakabadhi iliyotajwa ndani.

Sababu ya tano hakuitaja hata kwa nafsi yake. Ukurasa ule alikuwa ameupata wiki mbili nzima kabla. Katika siku zote hizo mashine ilikuwa ikifanya kazi.

Chepngeno alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa wafugaji wa Chebunyo. Dkt. Nyamwange alikuwa amewapa kazi moja ngumu: chagueni tukio lililotokea huku kwetu, mliandikie historia kutoka maktabani, na nisione mtandao. Wenzake wengi walilalamika. Chepngeno alienda kwenye maktaba ya umma mjini Kericho na kumwuliza Madam Rodah kama kuna chochote kuhusu mashamba ya chai.

Madam Rodah alimfungulia chumba cha nyuma ambacho watu hawakukiingia sana. Alimwonyesha masanduku ya kadi, akamfundisha kutafuta kwa mwaka na kwa mahali, akamwambia maneno ambayo Chepngeno aliyaandika kwenye daftari: "Ukisoma jambo mahali pamoja, umesikia. Ukilisoma mahali pawili, ndio uanze kuuliza."

Hivyo ndivyo alivyoipata ajali ya Cheptolel. Juni 1973, trekta iliyovuta trela la wachuma chai iliteleza kwenye tope karibu na daraja na kuanguka mtoni. Gazeti la Nairobi lilisema wamekufa watu saba. Lakini katika chumba kile kulikuwa na jarida dogo la shamba lenyewe, *Jani Bichi*, lililoandikwa kwa Kiswahili na karani fulani na baadaye kufungwa pamoja kuwa kitabu kimoja. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na orodha ya waliokufa. Walikuwa kumi na mmoja. Kila jina lilikuwa na mahali marehemu alikotoka na namba ya kaburi lake katika makaburi ya shamba, kwa sababu mvua ya mwaka ule ilikuwa imefunga barabara na maiti hazikuweza kusafirishwa.

Chepngeno alihesabu mara tatu. Watu wanne walikuwa wamesahauliwa na kila mtu isipokuwa karatasi hii. Aliandika insha nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na ndani yake aliweka sentensi hii: "Asiyeandikwa hufa mara mbili."

Alhamisi ile jioni alitoa wembe kwenye kibeti chake cha kalamu, akaweka rula kando ya mshono, akavuta mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alijiambia atautoa nakala dukani kesho, kisha Jumatatu aurudishe na gundi kidogo, na hakuna atakayejua.

Jumatatu alirudi kweli, ukurasa ukiwa ndani ya bahasha. Alipofika mlangoni mwa chumba cha nyuma alimkuta Madam Rodah amesimama mezani na mama mmoja mnene wa makamo aliyevaa sweta ya buluu. *Jani Bichi* lilikuwa wazi mbele yao. Baada ya ukurasa wa kumi na mbili ulifuata wa kumi na tano.

"Chepngeno, chamgei," Madam Rodah alimsalimu kwa Kikipsigis, uso umemtulia kwa kumwona. "Afadhali umekuja. Wewe umekaa na hiki kitabu wiki nyingi. Huu ukurasa ulikuwepo?"

Chepngeno aliuhisi mkono wake ukiibana bahasha. Maneno yalikuwa matatu tu: *Ninao hapa, madam*. Badala yake akasema, "Sikufika huko. Mimi nilisoma ya mwanzo mwanzo tu."

"Aa." Madam Rodah aligeukia kitabu. "Basi labda uliharibika kabla haujaletwa."

"Madam," mama yule alisema kwa upole, "huo umekatwa. Angalia ukingo."

Jina lake lilikuwa Monicah Adoyo, na alikuwa anauza mitumba Kapsoit. Alimweleza Chepngeno yote bila kuulizwa, jinsi mtu anavyomweleza yeyote aliye karibu. Baba yake, Joab Otieno, alikufa kwenye ajali ya Cheptolel yeye akiwa tumboni. Mama yao alirudi nyumbani kando ya ziwa na ndugu yake Kepher, wakati huo mtoto wa miaka minne, na hakurudi tena kuona kaburi. Shambani kwenyewe makaburi yalikuwa na namba tu za saruji, bila majina, na vitabu vya ofisi vilishapotea.

"Kepher ni mgonjwa wa figo," alisema. "Anakaa kwangu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na anasema hawezi kuzikwa kwetu kabla hajapeleka nyumbani udongo wa kaburi la baba. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kulikuwa na gazeti la shamba lililoandika namba. Ndilo nimelifuata."

"Pole, mama," alisema Chepngeno.

"Asante, mwanangu. Nitarudi. Pengine litaonekana mahali."

Chepngeno alitoka nje, akasimama kwenye bustani ya mji. Namba aliijua. Joab Otieno, Seme, kaburi la tisa. Angerudi ndani hivi sasa akaisema. Lakini angeulizwa aliijuaje, na dakika kumi zilizopita alikuwa amesema hakufika huko. Uwongo ni kama kupe: kuingia si kazi, kazi ni kuutoa.

Wiki iliyofuata aliamua kuurudisha kwa siri. Atauchomeka kitabuni, aondoke. Alikuta chumba cha nyuma kimefungwa kwa kufuli na tangazo limebandikwa: *Hakuna kuingia bila kibali*. Kijana wa mapokezi alimwambia kwamba wakubwa walikuwa wamekuja, na Madam Rodah alikuwa amepewa barua ya onyo kwa kuacha stakabadhi bila uangalizi. Chepngeno alimwona kupitia kioo, ameketi kwenye dawati lake, anapiga muhuri vitabu vya watoto. Madam Rodah aliinua macho akampungia mkono.

Aliporudi chumbani kwake alikuwa na homa. Haikuwa malaria.

Mwezi Machi insha zilirudi. Dkt. Nyamwange hakuwa mtu wa kusifu, lakini siku ile alisimama mbele ya darasa na insha ya Chepngeno mkononi. "Alama sabini na nane," alisema. "Miaka sita sijatoa hizo. Sikilizeni." Akaisoma ile sentensi. *Asiyeandikwa hufa mara mbili*. Darasa lilipiga makofi. Rafiki yake Chepchumba alimpiga begani, na Chepngeno akacheka, akaomba ruhusa, akatoka nje.

Aliuhifadhi ukurasa ule chini ya gazeti alilotandika kwenye rafu ya nguo. Kila alipotoa blauzi aliujua ulipo. Majina yale kumi na moja aliyajua kwa moyo bila kukusudia, na wakati mwingine akiosha vyombo alijikuta akiyataja kwa mpango wake: Arap Rotich, Bureti. Bosibori, Nyamira. Otieno, Seme. Aliacha kwenda mjini siku za soko ili asipite Kapsoit. Aprili ikaja na mvua, yeye bado anajiambia wiki ijayo.

Kilichomsukuma hatimaye hakikuwa wema, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai hivyo baadaye. Mwanzoni mwa Mei Dkt. Nyamwange alimwita ofisini.

"Nimefikiria," alisema. "Insha yako tuipeleke maktabani, ikae huko pamoja na viambatisho. Wewe ndiye umeifanya kazi kwao, wanastahili nakala. Nitaipeleka Ijumaa."

Viambatisho. Nakala ya ukurasa wa kumi na nne, yenye tarehe ya duka la fotokopi juu yake, mikononi mwa Madam Rodah. Chepngeno alisema asante, akatoka, akachukua bahasha rafuni na kwenda mjini kwa miguu, kwa sababu hakutaka kufika haraka.

Madam Rodah alikuwa peke yake. Chepngeno aliiweka bahasha kwenye dawati, akabaki amesimama.

"Ni nini?"

"Ni mimi, madam. Niliukata mimi."

Madam Rodah aliutoa ukurasa, akautandaza kwa kiganja, akausoma wote kuanzia juu hadi chini kana kwamba Chepngeno hayupo. Kisha akavua miwani.

"Niliwaambia ni panya," alisema. "Wakubwa walipokuja. Nilisema tusimshuku msomaji yeyote, labda ni panya. Wakaniuliza, Rodah, panya wanakata kwa rula? Miaka ishirini na sita nimefanya hii kazi. Hiyo barua ndiyo ya kwanza."

"Nisamehe, madam."

"Na siku ile ulisimama pale." Alionyesha mlango wa chumba cha nyuma. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Niliogopa."

"Hata mimi ningeogopa. Siku moja. Mbili." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomwumiza Chepngeno zaidi. "Umekuja leo kwa nini?"

Chepngeno angeweza kujibu vizuri. Alikuwa ameandaa jibu njiani. "Kwa sababu Dkt. Nyamwange analeta insha Ijumaa," alisema, "na ungeona."

Madam Rodah alivaa tena miwani yake. Halafu akafungua daftari la wageni, akapitisha kidole hadi kwenye namba ya simu, akapiga.

"Mama Adoyo? Ni Rodah wa maktaba. Ile karatasi imepatikana... Ndiyo. Namba tisa." Akasikiliza. Chepngeno alisikia sauti ya upande wa pili lakini si maneno. Madam Rodah aliketi taratibu. "Lini? ... Pole sana, mama. Pole sana."

Alipoweka simu chini hakumwangalia Chepngeno. "Kepher alikufa. Wamemzika Jumamosi iliyopita, Seme."

Mambo mengine yalienda yalivyopaswa kwenda. Chepngeno alimwandikia Dkt. Nyamwange barua ya kurasa mbili. Alama zikafutwa na kozi akatakiwa kuirudia mwaka ujao. Maktaba ilimfungia mwaka mzima. Madam Rodah aliandika kwa wakubwa wake, na barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili lake, ingawa kufuli la chumba cha nyuma halikuondolewa. Nyumbani Chebunyo baba yake alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo mama umemwendea?"

Alikuwa hajamwendea. Alimwendea Jumamosi.

Adoyo alikuwa anakunja nguo kwenye kibanda chake Kapsoit. Alimtambua mara moja, akatabasamu, maana Madam Rodah hakuwa amemwambia ni nani aliyeukata ukurasa. Kwa hivyo Chepngeno alilazimika kusema mwenyewe, barabarani, watu wakipita. Tabasamu lilikaa usoni pa Adoyo kwa muda baada ya macho kubadilika, kama mtu aliyesahau kulitoa.

"Ulikuwa nayo siku ile? Mkononi?"

"Nilikuwa nayo, mama."

Adoyo alikunja suruali ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena. "Kepher aliuliza kila Jumapili. Nikitoka kanisani ananiuliza, maktaba wamesema nini? Namwambia wanatafuta." Aliiweka suruali chini. "Kesho kutwa naenda Cheptolel. Karani wa shamba amekubali. Njoo unionyeshe hilo kaburi."

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kati ya mikaratusi na ukingo wa chai. Karani wa shamba aliwafikisha na kuwaacha. Nyasi zilikuwa zimefunika namba, na Chepngeno alipiga magoti akazing'oa kwa mikono, safu moja baada ya nyingine: nne, tano, sita. Ya saba ilikuwa imevunjika. Alipoifikia ya tisa alisogea pembeni.

Adoyo alisimama juu yake akaongea Kijaluo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempa habari mzee aliyetoka safari. Chepngeno hakuelewa kitu, ila jina la Kepher alilisikia mara tano.

"Mama," alianza, Adoyo aliponyamaza, "naomba..."

"Usiniombe msamaha leo," alisema Adoyo. "Leo nina kazi."

Alikuwa amekuja na jembe dogo na mfuko wa nailoni. Alichimba mwenyewe, akipumua kwa nguvu, na alipoona mfuko unapeperushwa na upepo alimwashiria Chepngeno kwa kidevu aje aushike. Chepngeno aliupanua mdomo wake kwa mikono miwili. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, mzito kuliko alivyodhani, na Adoyo aliuweka kidogo kidogo, akitoa mizizi ya nyasi kila mara kabla ya kuutia ndani.