Datsun ya Kitinda Mimba

Mzee Ndesanjo aliipenda Datsun yake kuliko inavyofaa mtu mzima kukipenda chuma. Tuseme ukweli tu. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, lenye milango miwili na viti viwili, na yeye alikuwa na mke na watoto. Jumapili mke alipanda naye kwenda kanisani, watoto wakakanyaga vumbi nyuma. Watu wa Sokon One, mtaa wao pale Arusha, walicheka mpaka wakachoka, lakini injini ile ilipounguruma wote waligeuza shingo, na waliocheka sana ndio waliogeuka wa kwanza.

Aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago Usa River, miaka ile baada ya Azimio la Arusha. Akaitunza enzi ambazo hata sabuni ilipangiwa foleni. Spea alizichonga, akaziazima, akazivusha kutoka Nairobi kwa njia ambazo mzee wa kanisa hapaswi kuzisimulia. Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Magari ya Dubai yakafurika mjini, yote yakifanana, vijana wakayagombania, na mkewe alipofariki mzee akabaki na hofu moja tu: siku akifa, nani ataipenda Datsun?

Watoto walikuwa wawili. Hans, kitinda mimba, alikuwa na duka la vinywaji Makumira, jirani na chuo. Kijana mchapa kazi, mwenye adabu, ila kwake gari lilikuwa chombo cha kubebea kreti. Aliyekulia chini ya boneti ni dada yake, Anneth. Mikono yake myembamba ilifikia boliti ambazo ya baba haikuzifikia. Kabureta zile mbili alizijua kwa sikio. Moja ikianza kunywa mafuta zaidi ya mwenzake, Anneth alikunja uso kabla mzee hajasikia kitu. Baba alifurahi, lakini alifurahi kama anavyofurahi mtu ambaye binti yake anapika vizuri. Kazi nzuri, mwanangu, nayo itakwenda na wewe kwa watu.

Mwaka tisini na tatu Anneth akachumbiwa na Gadiel, mkulima wa Maji ya Chai. Siku ya kumuaga, ukoo mzima ulishuka kutoka Machame. Kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba, na gari linalolala ndani ya ua, kwa mawazo ya Ndesanjo, ni sehemu ya nyumba. Akasimama, akamkabidhi binti kabati, cherehani na blanketi nzito. Kisha, kwa kuwa wazee walikuwapo na ni vizuri mambo yashuhudiwe, akamwita Hans mbele, akampa funguo za Datsun. Vigelegele vikapigwa. Anneth naye akapiga makofi.

Hans akaondoka nayo. Kila alipokuja kumsalimia baba alikuja kwa basi, na akiulizwa gari alicheka, akasema liko kwa fundi, subiri tu. Mzee akasubiri kwa furaha. Aliamini kijana ameanza kuonja utamu wake.

Ikapita zaidi ya mwaka. Mchana mmoja wa Krismasi honi ikalia getini.

"Shikamoo baba! Njoo uone!"

Paa lilikuwa limekatwa nyuma ya viti. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wameunga bodi ya mabati na mbao, na ndani yake kreti za soda zilipangwa mpaka juu. Chini ya boneti ilinguruma injini ya dizeli ya Hiace.

"Sasa imepata akili, Mzee," Hans alisema, uso unamng'aa. "Ingelala uani mpaka ioze. Saa hizi inafanya kazi kila siku."

"Injini yangu iko wapi?"

"Wachimbaji wa Mererani waliichukua. Inawasukumia hewa shimoni. Si ni baraka, baba?"

Hans hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hapo ndipo palipouma. Mzee alilizunguka gari, akapitisha kidole pale lilipokatwa. Kijana alikuwa akimtazama, anasubiri sifa.

"Asante, mwanangu," mzee alisema.

Kesho yake asubuhi alikuwa Maji ya Chai. Njia nzima alijipa moyo. Anneth yupo. Anneth anajua. Akamkuta anapukuchua mahindi, mtoto mgongoni, na kabla hata ya kumaliza chai akamweleza yote.

"Tutaifuata injini Mererani, tutarudisha paa. Hans nitamtafutia pikapu. Gari liwe lako, Anneth, hata leo."

Anneth aliendelea kupukuchua kwanza.

"Siku ile nilijua utaniita, Baba. Ulipotaja kabati nikajiambia, gari anaiweka mwisho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya ukoo, mimi ninayeondoka?" Akamkung'uta mtoto makapi kichwani. "Nililia mwaka mzima. Gadiel alidhani nimewakumbuka nyumbani. Kila gari iliyopita barabarani hapo niliisikiliza, labda ni yenyewe. Halafu siku moja nikagundua sisikilizi tena. Nilishukuru Mungu, Baba. Usinirudishe kule."

"Lakini uliipenda."

"Sana. Kuliko wewe."

Hakulisema kwa hasira, na mzee angepona kama angelisema kwa hasira. Miaka yote aliogopa kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kuipenda. Alikuwa naye mmoja aliyeweza, akamsindikiza kwa cherehani.

"Utakula ndizi au ugali?" Anneth akauliza, akiinuka.

"Chochote tu, mama," mzee alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, akalia mbele ya mtoto wake.