Jozi Mfukoni mwa Clovis

Mapafu ya Clovis Meynard yalichoshwa na tumbaku na vumbi la miaka yote aliyoezeka mapaa, na sasa kule kuvuta pumzi tu kulikuwa kunammaliza nyama mwilini. Dada yake Honorine, mjane asiye na mtoto, alimchukua akae naye shambani kwa wazazi wao, katika mkoa wa Périgord, katikati ya mijozi, miti ya kokwa zenye ganda gumu.

Delphine, muuguzi aliyekuja kila wiki na mizani yake, aliwaeleza vizuri. Sahani kubwa ya chakula ilijaza tumbo likayabana mapafu. Afadhali vitafunio, kidogo kidogo, kutwa nzima.

"Na jozi mnazo tele," alisema. "Konzi moja ina mafuta mazuri, ina protini, ina nguvu kuliko bakuli zima la supu. Mzee hawezi kutafuna? Basi mtwangie."

Neno hilo Honorine alilishika kwelikweli. Kila asubuhi alizigonga jozi kwa nyundo ya mbao, akazitoa maganda, akazitwanga na asali hadi zikalainika, kisha akampelekea mdogo wake dirishani alikokaa.

"Unaninenepesha kama bata bukini wa Krismasi," Clovis alisema, akihema kila baada ya neno. "Siku ukinoa kisu, nakimbia."

"Ukimbie na miguu gani? Fungua mdomo, mpuuzi wewe."

Alikula. Na uzito, uliokuwa ukishuka tangu Krismasi, ukasimama, halafu ukapanda kidogo. Jumamosi sokoni Honorine alimwambia kila muuza jibini, "Mdogo wangu anarudi." Mashavu yaliyobonyea aliyaona, lakini alijiambia ni zile ndevu, zinataka kunyolewa.

Siku moja, Delphine alipokwisha kuondoka, Clovis alisinzia kitini. Honorine akalichukua koti la sufu ambalo mdogo wake alipimwa nalo uzito, ili akalianike. Lilimvuta mkono. Mifukoni mlikuwa na jozi nzimanzima, na maganda yake, zimejaa hadi kwenye bitana. Katika mfuko wa ndani mlikuwa na vipande vya madini ya risasi alivyotumia zamani kuzibia mapaa.

Alikaa kizingitini na lile koti mapajani. Alitaka kumwamsha amtukane. Hakuweza. Clovis alipoamka mwenyewe, aliliona koti lilipo, akageuza uso.

"Tangu lini?" Honorine aliuliza.

"Tangu theluji haijayeyuka."

"Na ninazokutwangia unazitupa wapi?"

"Nakula zote, dada. Naapa kwa kaburi la mama. Hazikai tu mwilini."

"Sasa mbona hukusema?"

Clovis alingoja pumzi imrudie. "Ulikuwa unaimba ukitwanga. Tangu shemeji afariki sijakusikia ukiimba. Ningeanzia wapi?"

Honorine alimpigia simu Delphine, akamwambia ukweli. Daktari aliyeitwa na Delphine alikuja, akamsikiliza Clovis kifuani muda mrefu, kisha akamwita Honorine uani. Hakukuwa na la kufanya tena. Ampe chochote anachotamani, alisema.

"Unataka nini?" alimuuliza mdogo wake jioni ile. "Sema chochote, nitapika."

"Hizohizo jozi. Ila punguza asali, dada. Imenitia kinyaa miezi yote hii."

Honorine alicheka, akajikuta analia, na Clovis naye akacheka mpaka akakohoa, ikabidi amshike mgongo. Kesho yake alitwanga bila asali. Alitwanga kimya.

"Vipi, leo kinu ni bubu?" Clovis aliita kutoka dirishani.

Basi akaimba, sauti ikipotea kila mara, na akatwanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Clovis alifariki mwanzoni mwa kiangazi, mchana, kichwa chake kikiwa mkononi mwa dada yake. Delphine alikuja mazikoni. Watu walipotawanyika, Honorine alimsogelea.

"Nilidhani namponya," alisema.

 Delphine alimshika mkono, wakatoka makaburini polepole.