Pipa Linalochemka Bure

Baba yangu hawezi kuvumilia kuona moto ukiwaka bila sufuria juu yake. Sufuria ikiinuliwa tu, hata kabla haijafika mezani, yeye keshaingia jikoni, keshavuta kuni nje ya mafiga, keshavifukia vijinga kwenye majivu ili vibaki vya kesho. Mama alikuwa akisema jua lina bahati liko mbali, la sivyo mzee huyu angelizima saa sita mchana atuwekee akiba. Tulikuwa tunacheka. Sikujua kwamba tabia hiyo hiyo ingenifanya nimfokee mzazi wangu hadi jirani wa ng'ambo ya kijito asimamishe jembe.

Niseme mapema kwamba hasira zangu ziko karibu. Kazi yangu ni kusuka upya waya za mota zilizoungua. Ni kazi ya subira kweli kweli, na nadhani subira yote naiacha karakana, kwa sababu nikifika nyumbani sina hata ya kukopesha.

Mambo yalianza na kifua cha Mama. Alilazwa siku tisa. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituita sote wanne: Baba, Mama, kaka yangu mkubwa na mimi binti yao. Hakuzunguka. Alisema Mama amevuta moshi wa kuni miaka arobaini na tatu na mapafu yamechoka. "Moshi basi," alisema. "Sisemi apunguze. Basi kabisa. Na mkaa vile vile."

Kaka, ambaye anauza matairi mjini, akakata shauri pale pale kwenye benchi. Nyumbani kwetu nguzo za umeme ziliishia mbali kabla ya kutufikia, na mtungi wa gesi ukiisha hubebwa mgongoni nusu siku. Kwa hiyo Mama atahamia kwake, atalala chumba kimoja na wajukuu. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Baba angebaki na ng'ombe wake wawili. Kaka aliomba wiki mbili apake chumba rangi, halafu Jumamosi aje na gari kumchukua.

Tulimgeukia Baba. Akaangalia vidole vyake. "Daktari ndiye anayejua," alisema.

Tulipofika nyumbani alishika shoka akaanza kuchanja kuni, na alichanja mpaka jioni, kuni ambazo hazikuwa na wa kuzipikia. Mama alikaa kitandani akipanga nguo kwenye sanduku. Nilimuuliza kama anataka kwenda. Akakunja gauni polepole mno. "Kama baba yenu haoni tatizo," alisema, "mimi ni nani?"

Hapo ndipo nilipopiga simu karakana nikaomba likizo ya wiki mbili.

Nyuma ya zizi letu kijito kinaanguka kutoka juu ya jabali, urefu kama wa nyumba ya ghorofa. Nimekisikia tangu nazaliwa na sikuwahi kukifikiria zaidi ya kuoga. Sasa nilikwenda karakana nikachukua pampu kuukuu ambayo mwenyewe hakurudi kuifuata, nikaja nayo nyumbani. Nilimweleza Baba: kwa kawaida umeme huzungusha pampu ili isukume maji. Sisi tutafanya maji yaisukume pampu, na mota yake itatoa umeme.

"Yaani unaivaa kinyumenyume," alisema Baba.

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Itatosha kuchemsha maharage?"

"Itatosha. Ila polepole."

"Polepole si neno," alisema. "Mama yako mwenyewe hapendi kuharakishwa."

Alichimba mfereji wa mabomba kwa siku nne. Nilimwambia tutafute vibarua, akaniangalia kama nimemtukana. Chakula tulikuwa tunaletewa na jirani wa ng'ambo, na Baba alikula akiwa amesimama mferejini, sahani juu ya kifusi. Nilipomwona anafunga kitambaa kwenye kiganja kilichochubuka nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimwambia mfereji umepinda.

Umeme ulikuwa mdogo. Uliweza jiko moja la umeme la duara moja na taa nne. Lakini maji yana tabia yake. Hayajui kwamba umemaliza kupika. Yanaendelea kuja, pampu inaendelea kuzunguka, na umeme usiotumika lazima upewe kazi mahali, la sivyo mtambo unakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba na kuharibu kila kitu. Kwa hiyo niliweka pipa la maji nje ya ukuta wa jikoni, na ndani yake hita. Jiko likizimwa, umeme wote unaenda kuchemsha pipa.

Baba alilizunguka pipa lile mara tatu. "Hili linachemsha maji ya nani?"

Nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, waya mkononi. "Baba, usiliguse tu."

"Siligusi. Nauliza ni ya nani."

"Ya kuchemka. Naomba usiliguse."

Hayo ndiyo maelezo niliyompa. Ninayakumbuka neno kwa neno na hayanipendezi.

Alhamisi asubuhi nilifungua maji. Taa zikawaka, na jiko likaanza kuwa jekundu taratibu. Mama alikuwa hajaingia jikoni kwa mwezi mzima. Aliingia akiwa amejiziba pua kwa shali, kwa mazoea. Akaweka maji ya chai, akakaa kwenye kigoda chake, akasubiri kikohozi. Hakikuja. Akateremsha shali kidogo. Akaiteremsha yote. Baba alikuwa mlangoni, hajui pa kuweka mikono.

"Mbona hakunuki?" aliuliza.

"Ulitaka kunuke nini?" Mama akacheka, na kicheko hakikukatwa na kikohozi mpaka kikaisha chenyewe. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema. Nilijua Jumamosi Kaka akija atakuta jiko safi, na hatakuwa na sababu ya kumchukua mtu.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nililala kidogo. Siku kumi na mbili nilikuwa sijalala mchana. Mama naye alijinyoosha chumbani.

Niliamshwa na sauti. Mlio wa mtambo ulikuwa unapanda, unapanda, kama mtu anayepiga mluzi bila kuvuta pumzi. Taa ya chumbani ilikuwa nyeupe sijawahi kuiona hivyo, kisha ikapasuka. Ya ukumbini ikafuata. Nilikimbia hadi kijitoni peku. Nilipofika kufunga maji, kapasita, kile kikopo kinachoiwezesha mota kutoa umeme, ilikuwa imeshapasuka na mota inatoa moshi. Nilijua harufu ile. Ndiyo inayonilipa mshahara.

Baba alikuwa kando ya pipa, plagi ya hita mkononi.

"Nani kakwambia uchomoe?"

"Lilikuwa linachemka bure," alisema. "Mmelala nyote, hakuna anayepika."

"Nilikwambia usiguse!"

"Nilitaka umeme ubaki. Mama yako awe nao na kesho."

Kama ningekuwa mtu mwingine ningenyamaza hapo. Mimi nilipiga kelele. Nilimwambia mtambo si kuni, huwezi kuufukia kwenye majivu. Nilimwambia mota hiyo sasa ni siku kumi za kazi na Kaka anakuja kesho asubuhi. Halafu nikasema kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka naona joto masikioni: "Umemfungia Mama sanduku kwa mikono yako mwenyewe!"

Ng'ambo ya kijito jembe lilinyamaza. Baba akaiweka plagi juu ya kifuniko cha pipa, taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia. Akaondoka kuelekea zizini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, na nikasikia vifungo vya sanduku vikifungwa.

Alfajiri ya Jumamosi niliamka nikasikia harufu ya moshi, hafifu sana. Damu ikanipanda. Nilidhani mzee amewasha mafiga jikoni, na Mama yuko chumba cha pili. Nilikimbia jikoni. Mafiga hayakuwepo. Yalibaki maduara matatu tu sakafuni mahali mawe yalipokaa miaka yote.

Nilifuata moshi. Ulinipeleka chini, mbali, kupita zizi, kupita mwisho wa bustani, mahali ambapo upepo wa kwetu huelekea bondeni. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga yale yale, ameyabeba moja moja. Juu yake sufuria ya maharage. Macho mekundu, majivu hadi kwenye nyusi. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akipika hata yai.

"Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Saa kumi. Nilitaka kwanza kuona moshi unaenda wapi." Alionyesha kwa kidole. "Haupandi. Unashuka kule, unapotelea kwenye miti. Nimeangalia sana."

Nilichuchumaa kando yake. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba alikuwa ameniuliza swali la maana na mimi nikamjibu kama anavyojibiwa mtoto anayesumbua. Kisha nikamweleza habari za pipa, zote, tangu mwanzo. Alisikiliza akichochea moto.

"Kumbe lilikuwa linafanya kazi," alisema mwishoni.

"Lilikuwa linafanya kazi."

"Basi ungesema, mwanangu."

Kaka alifika saa nne. Alisikia habari ya mota, akatikisa kichwa, hakumlaumu mtu. Alichukua sanduku akalipeleka kwenye buti, akarudi kumshika Mama mkono. Mama alikuwa amevaa viatu vya safari. Akatoka hadi ngazini, akasimama hapo akiangalia kila upande wa uwanja.

Baba alipanda kutoka bondeni na sufuria mikononi, ameishika kwa majani. Akaiweka kwenye ngazi mbele ya Mama, akampa kijiko.

"Kula kwanza."

Mama aliketi, viatu na vyote. Akaonja. Akatafuna muda mrefu.

"Magumu," alisema.

"Yako motoni tangu saa kumi na moja."

"Uliongeza maji ya baridi katikati?"

"Yalikuwa yanakauka."

"Ndiyo maana." Akachota kijiko kingine.

Kaka aliangalia saa. "Baba, njia ni ndefu. Na hapa nani atampikia? Mota ndiyo hiyo imeungua, na jirani hawezi kuwalisha maisha."

"Mimi," alisema Baba.

"Wewe?"

"Kule chini. Moshi haufiki hapa, muulize dada yako. Mpaka arudi na mota."

"Na asiporudi nayo haraka? Na ukiugua?" Kaka hakusema kwa ubaya. Anampenda Mama, na alikuwa ameshapaka rangi. "Si wewe mwenyewe uliyesema daktari ndiye anayejua?"

Baba alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, unamchoma naye hauachi. Nikadhani ataangalia vidole vyake, ndio utakuwa mwisho wa maneno. Lakini alimwangalia Mama.

"Sitaki uende," alisema. "Sikutaka tangu siku ile."

Mama akashusha kijiko.

"Wiki mbili," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, hasira ambayo naijua kwa sababu ndiyo aliyonirithisha. "Wiki mbili nakunja nguo, nakunjua, nakunja tena, nangoja mtu mmoja katika nyumba hii aniambie hivyo."

"Nilidhani unataka kupona."

"Nataka kupona hapa."

Baba aliketi kando yake kwenye ngazi, akauweka mfuniko chini. Mama alimfuta majivu kwenye nyusi kwa ncha ya shali, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, na Baba alifumba macho akamwachia. Kaka aliniangalia nimsaidie. Sikuwa na msaada, nilikuwa nalia tena.

"Lete sanduku langu, mwanangu," Mama alimwambia Kaka. "Halafu njoo ule. Ila tafuna vizuri."

Kaka alisimama kidogo, funguo mkononi. Kisha akaenda kufungua buti.