Kucha Tisa za Elina

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukishika kisigino cha mtu mwingine ukakitazama vizuri? Si cha mtoto. Nasema cha mtu mzima aliyelima pamba, kilichopasuka mpaka punje ya mtama inaweza kujificha ndani. Mjukuu wangu Goodness anavishika kila siku, ndiyo kazi yake. Nitakusimulia ilivyoanza, maana nilikuwepo, na kuna siku nusura iharibike mimi nikiwa nje napiga domo.

Goodness ni binti wa Yakobo, mwanangu wa kwanza. Alikwenda Mwanza kujifunza urembo kwa mama mmoja mwenye saluni, akakaa miezi minane. Aliporudi hapa Dutwa watu wakamuuliza, "Fremu yako ya saluni iko wapi?" Hakuwa na fremu. Alikuwa na baiskeli ya marehemu babu yake, beseni la bluu alilolifunga nyuma kwa mpira, na begi lenye taulo mbili nyeupe, jiwe la kusugulia, mikasi, tupa ndogo za kucha, chupa ya spiriti, mafuta, na rangi kumi na mbili. Najua ni kumi na mbili kwa sababu nilizipanga mwenyewe dirishani, kuanzia nyekundu mpaka ile inayofanana na mtindi.

"Bibi, mimi sikai kungoja mteja," akaniambia. "Namfuata kwake."

Watu walicheka. Fundi baiskeli wa pale stendi akambatiza daktari wa visigino. "Daktari, leo unakwenda kupasua nani?" Naye akipita anajibu, "Wewe, siku utakayooga." Akazidi kukanyaga pedali.

Alianza na mwalimu mmoja aliyekuwa amejifungua, hawezi kumwacha mtoto akaenda kukaa saluni. Kisha mama mzazi wa mwalimu huyo, ambaye mgongo ulimkatalia kuinama na kucha za miguu alikuwa hajazifikia tangu mavuno. Nilikuwa namsindikiza, nikaona namna yake ya kufanya kazi. Anakaa chini kuliko mteja, hata kama kiti cha pili kipo. Maji anayapima kwa kiwiko, kama ya kuogeshea kichanga. Kucha ya mguu haikati vipande vipande. Anailoweka mpaka ilainike, mkasi unazunguka mara moja, inatoka nzima kama mwezi mchanga. Na maneno ya mteja hayatoki naye. Jioni nilikuwa namchokoza, "Eti mwalimu kasema nini juu ya mumewe?" Ananijibu, "Bibi, kunywa chai."

Ndipo likaja jambo la kijiji cha Migato. Mzee Masele alikuwa anamwoza binti yake Elina kwa kijana anaitwa Shija. Harusi Jumamosi, na bi harusi wiki hiyo hatoki nje. Habari za Goodness zilikuwa zimewafikia, wakampigia simu: njoo Alhamisi umsafishe, urudi Jumamosi umpambe. Fikiria, harusi ya watu kutoka Lagangabilili mpaka Bariadi! Akipendeza yule bi harusi, Goodness hatajieleza tena kwa mtu. Akiharibu, atarudi kwenye jembe, maana nani atamfungulia mlango? Binti hawezi kwenda peke yake kwenye kaya asiyoijua, basi nikavaa kitenge changu cha Pasaka nikaenda naye.

Alhamisi hiyo Goodness aliingia chumbani na Elina. Mimi nikabaki nje namenya viazi na wanawake wa pale. Kizingitini, kando ya pazia la chumba, alikuwa amekaa Specioza, dada yake Mzee Masele, aliyemlea Elina tangu mama yake afariki. Haingii, hatoki, hashiki kiazi.

"Siku hizi miguu nayo inatafutiwa fundi," akasema. "Sisi tuliolewa na matope yetu na watoto tukazaa."

"Wewe Specioza nyamaza," akajibu mama mmoja. "Matope yako yalimchania mumeo shuka tatu."

Tukacheka mpaka viazi vikatuponyoka. Nami nikapata nafasi ya kumsifia mtoto wangu: amesoma Mwanza huyo, ana cheti, mkono wake mwepesi. Nilisema sana. Elina alipofunua pazia kuonyesha miguu, wanawake walipiga vigelegele, nyayo laini kama za mtoto ambaye bado hajatembea. Nikavimba kichwa. Kwa kuvimba huko sikuangalia Goodness anafanya nini nyuma yangu. Alikuwa amekusanya kucha, unga wa visigino na nywele za nyusi, akavitia kwenye kifuko, akakifunga fundo, akakiweka begini. Yule mama wa saluni Mwanza alimfundisha hivyo: ukienda nyumbani kwa mteja, usimwachie uchafu.

Ningeona, ningemzuia. Mimi ni Mkatoliki na jumuiya sikosi, lakini kucha zangu nazifukia mwenyewe, na mama yangu alizifukia zake. Huku kwetu mgeni akiondoka na kucha na nywele za bi harusi, hakuna atakayesema anafanya usafi.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Specioza, hata salamu hakuna. "Mama Yakobo, kesho msije. Na vitu vya mwili wa mtoto wetu, mmevipeleka kwa nani?"

Nikamtazama Goodness. Akafungua begi, kifuko kipo, fundo halijaguswa. Nikamwambia tumpe kijana wa pikipiki akipeleke, sisi tukae kwetu na aibu yetu.

"Hapana, bibi. Nilikichukua mwenyewe, nakirudisha mwenyewe."

Tulibadilisha gari Bariadi, tukafika Migato jua limeshapanda. Mzee Masele ameketi uani na wazee wawili, wanawake wamesimama upande wa jiko. Nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Waliitikia, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wa msibani. Goodness akapiga magoti.

"Baba, nimekosa. Nilifundishwa kuondoka na uchafu. Sikufundishwa kumuuliza mwenyewe anataka uende wapi. Vyote viko hapa."

Specioza akaleta ungo, akafungua fundo, akamwaga. Akaanza kuzitenga kucha za miguu kwa kidole, moja moja, zikiwa nzima zile, kama mbegu. Alipofika mwisho akarudia tena tangu mwanzo.

"Tisa," akasema. "Vidole kumi, kucha tisa. Ya kidole gumba naiona moja tu. Nyingine umempelekea nani?"

Goodness aliendelea kuutazama ungo.

"Sema basi," nikamnong'oneza.

"Nimeleta zote nilizokata."

"Ya kumi iko wapi?" Specioza akasogea.

"Nimeleta zote nilizokata, shangazi."

Mzee Masele akakohoa. "Binti, ukinyamaza tutajijibu wenyewe. Na jibu letu halitakupendeza, wala kazi yako hutaifanya tena huku."

Nikamtazama usoni nikaona anajua. Anajua kabisa ilipo hiyo kucha, na hasemi. Nilitamani kumfinya. Miezi minane Mwanza, baiskeli, mvua, kejeli za stendi, vyote vinakwenda na maji, na neno liko mdomoni mwake!

Mara pazia la mlango likafunguka. Elina akatoka nje, bi harusi, kitenge kichwani, wanawake wakipiga kelele arudi ndani. Akakaa chini palepale mbele ya baba yake, akanyoosha mguu wa kushoto, akaishika kucha ya kidole gumba, ile nyekundu iliyong'aa kuliko zote, akaibandua. Ilikuwa ya bandia. Chini yake ngozi tupu.

"Sina kucha hiyo, baba. Ilitoka mwezi wa sita. Nilimwomba asimwambie mtu."

"Ilitokaje?"

"Nilianguka na pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

Elina akatazama chini. "Ya Shija."

Mzee Masele alihesabu kwa vidole. "Mwezi wa sita hata mahari hawajaleta. Mwezi wa sita wewe jioni ulikuwa unaniaga unakwenda kwaya."

"Ndiyo, baba."

"Kwaya yenye magurudumu mawili," akasema mmoja wa wale wazee, akiwa ametulia kabisa.

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Masele alikaza uso, akakaza, mpaka mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akajifuta macho, akamgeukia Goodness.

"Ulikuwa unajua, ukakubali tukudhanie mchawi?"

"Aliniomba, baba. Mguu ni wake."

Mzee akausukuma ungo upande wa Elina. "Kesho fika mapema," akasema. "Uje na huyu bibi yako anayesema sana."

Nimezaa watoto saba na kuona wajukuu ishirini na wawili. Nimewaona wakipokea vyeti, wakivaa mashela. Siku niliyotembea kifua mbele ni ile, kwenye ua wa watu, mjukuu wangu akiwa amepiga magoti na magoti yana vumbi. Leo anaitwa mpaka Lagangabilili, mabibi wa ofisini wamo. Akimaliza anakunja kila kitu kwenye karatasi safi, anampa mteja kwa mikono miwili: "Hivi ni vyako." Hakufundishwa Mwanza hilo. Alilitunga mwenyewe njiani tukirudi.

Lakini kabla hatujaondoka Ijumaa ile, Elina alichukua ungo akaenda nyuma ya nyumba kufukia vyake. Aliporudi, Goodness akambandika kucha upya kwa gundi, akaipuliza ikauka. Wengine wakarudi jikoni. Specioza akabaki amesimama pembeni yetu, mikono hajui aiweke wapi.

"Shangazi, bado una hasira na mimi?" Goodness akamuuliza.

"Kifuko nilikiona kwa sababu Alhamisi, kila pazia lilipopeperuka, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yako."

"Hukuniamini."

"Nani kasema?" Specioza akageuza uso kando, sauti ikapungua. "Alfajiri ya Alhamisi niliamka nikaisugua hii miguu kwa kigae, mara mbili, mpaka ikatoka damu. Nikaja kukaa kizingitini. Nilikuwa nataka na mimi uniite, uniambie, shangazi, lete miguu."