Injini Iliyoamshwa Mapema

"Dakika tano tu, mama watoto! Hata chai haichemki kwa dakika tano."

"Chai haisubiriwi na mkaguzi. Weka mkono hapa. Weka! Unasikia nini?"

Mume aliweka kiganja kwenye ubavu wa injini, akakiondoa taratibu kama mwizi aliyefumaniwa. Ilikuwa vuguvugu.

Pale maabara kila mtu aliwajua. Mume alikuwa mhandisi wa nguvu: kazi yake injini ivute, ikimbie, isile mafuta ovyo. Mke alikuwa mhandisi wa moshi: alipima kinachotoka nyuma baada ya mbwembwe zote za mumewe. Wenzao waliwaita Bwana Mbio na Bi Moshi, na ugomvi wao mafundi waliuzoea kama wanavyozoea mlio wa feni.

Leo hakuna fundi aliyecheka. Injini huchafua hewa zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla kisafisha moshi hakijapata moto kikaanza kazi. Ndiyo maana kanuni inataka ilale usiku kucha bila kuguswa, kisha iwashwe mbele ya mkaguzi. Mkaguzi mwenyewe alikuwa ameshafika, yuko chumba cha wageni. Na Bi Moshi alikuwa ametumia miaka mitatu kuifundisha injini hii kuamka bila kukohoa.

"Tuipulizie feni," mume alinong'ona. "Juu itapoa upesi. Vipimajoto unavisoma wewe, mkaguzi anaandika tu unachomwambia."

"Na oili iliyo ndani? Ikifaulu leo, itakuwa imefaulu kwa joto lako, si kwa kazi yangu."

"Akiondoka harudi mpaka miezi miwili ipite. Mkuu atatutafuna wabichi."

"Ataanza na wewe, una nyama zaidi." Alimkazia macho. "Hebu niambie. Mhandisi mzima, mvi kichwani, kanuni unaijua. Uliiwashia nini?"

Mume alikuna kisogo. "Jana usiku uliweweseka. Ulinishika mkono, unasema haiwaki, haiwaki. Nikaona asubuhi nitangulie nihakikishe, usije ukaaibika mbele za watu. Haki ya Mungu, iliwaka mara moja! Nilitaka kuizima palepale, nikajikuta nimesimama naisikiliza. Imetulia, mke wangu. Umeitengeneza ikatengenezeka."

Bi Moshi alikuwa na tusi zuri tayari mdomoni. Lilimkwama. Miaka yote hiyo Bwana Mbio alikuwa hajawahi kuisifu injini isiyopiga kelele.

"Mungu alinipa mume," alisema, "akasahau kumpa subira." Akamtengenezea ukosi wa shati uliokuwa umekunjika, kisha akaushika mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumrudisha mkaguzi kwao."

"Mwambie ni mimi."

"Ulidhani nitajisingizia?"

"Basi twende wote."

Walivuka ukumbi, yeye mbele, mume nyuma akijitahidi kwenda sawa na hatua zake. Kwenye chumba cha wageni, mkaguzi alikuwa ameshaandika tarehe juu ya karatasi.

"Samahani kwa kukupotezea safari," Bi Moshi alisema kabla hajaulizwa hali. "Injini imewashwa asubuhi, si baridi tena. Leo hatupimi."

"Niliiwasha mimi," mume alisema.

Mkaguzi aliwatazama, huyu kisha huyu. Akaikata ile tarehe kwa mstari.