Maneno ya Q Asiyefuatana na U

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda sokoni kumshitaki mke wangu, na ndotoni jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti.

Mke wangu ni Wakesho. Mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi nilimfundisha mimi, mezani petu hapa Voi, mwaka ule alipomzaa Mghoi akawa amechoka kukaa bure. Sasa ananishinda. Ananishinda huku anakoroga uji. Klabu yetu imemchagua yeye aende mashindanoni Nakuru, mimi nimeachiwa ufunguo wa ukumbi. Jana jioni aliniomba nimhoji yale maneno mafupi yenye Q isiyo na U, nikamwambia macho yananiuma. Macho hayana neno. Ni wivu tu.

Katika Kiingereza, Q ni kama bwana asiyetoka nyumbani bila mkewe, U. Ila yapo maneno machache anayoyaendea peke yake, na mchezaji anayeyajua huwatesa wenzake. Mimi nayajua, na alama ninazopata kwa kila moja. Maana zake ndizo sizijui, wala sikuwahi kuzitaka. Klabuni kwetu tunakariri kama kasuku, na kila Wakesho aliponiuliza, "Hili nalo lina maana gani, Baba Mghoi?" nilimjibu, "Maana haina alama."

Basi nafika sokoni. Langoni amekaa U, amejaa machozi mpaka pomoni, kwa kuwa umbo lake ni la kukinga.

"Na wewe umeachwa?" ananiuliza.

"Sijaachwa. Mke wangu anasafiri."

"Wangu naye alianza hivyo hivyo. Yumo humo ndani na maneno yake, wananawiri bila mimi." U anajifuta, machozi yanamwagika upande mmoja. "Yapinge, ndugu yangu. Kanuni inakuruhusu."

Kanuni inaruhusu kweli. Mwenzako akiweka neno usiloliamini, unalipinga, na likionekana si neno linaondolewa ubaoni. Nikaingia, U akinifuata nyuma. Ardhi yote ya soko ilikuwa imechorwa miraba, na Wakesho alikuwa katikati, na leso yake ya kijani, anapanga vigae vikubwa kama milango. Maneno yamemzunguka yanapiga soga. Mimi yananijua miaka na miaka, lakini hata salamu hayakunipa.

"Hamnitambui?" nikayauliza.

"Tunakutambua sana," likajibu QAT, limeketi juu ya kreti la soda. "Wewe ndiye uliyetutumia siku zote bila kutuuliza tunafanya kazi gani. Huyu mama alituuliza siku ya kwanza."

Wakesho akacheka. Alicheka na neno langu, nililomfundisha mwenyewe, tena kicheko ambacho nyumbani sijakisikia siku nyingi. Roho iliniuma.

"Nalipinga!" nikasema. "QAT si neno."

Akaja mzee mrefu mwenye kilemba. "Mimi ni QADI," akasema. "Ni neno na ni kadhi, kwa hiyo sihitaji karani. Unaijua maana ya neno unalolipinga?"

"Siijui."

"Basi kwako si neno. Liondolewe."

QAT likainuka, likachukua kreti lake, likaondoka. Papo hapo wanaume wote waliokuwa wakitafuna miraa sokoni wakabaki mashavu matupu, wanaangaliana. Kumbe QAT ndiyo miraa. U akanipigia makofi. Nikapata moyo, nikalipinga SUQ. Maana? Siijui. Liondolewe. Nyanya zikatoweka, mizani, vibanda, watu na kelele zao, soko zima, tukajikuta jikoni kwetu, mimi na Wakesho na kadhi na U, na sufuria ya uji iko mekoni.

Wakesho akaweka vigae viwili tu juu ya meza. QI.

"Baba Mghoi," akaniambia taratibu, "hili usiliguse. Hili nalihitaji."

Laiti ningemsikiliza. Mimi niliona Nakuru tu. Niliona kombe, na picha yake ukutani, na wageni wakiniuliza kama na mimi hucheza.

"Nalipinga."

"Unaijua maana?" akauliza kadhi.

"Maana haina alama!"

"Liondolewe."

Wakesho akafungua mdomo anijibu. Hakukuingia kitu wala hakukutoka kitu. Akajishika koo, akapiga magoti, akalala sakafuni. U akaacha kupiga makofi.

"Lirudishe!" nikapiga kelele.

"Litarudi ukitoa maana yake."

"Muulize yeye! Yeye anaijua!"

"Anaijua," akasema kadhi. "Lakini hana cha kuisemea."

Nikamwambia neno hilo lina alama kumi na moja. Akasema hakuniuliza alama. Nikakisia samaki, nikakisia aina ya kofia, na midomo ya mke wangu inazidi kuwa nyeusi.

"Kadhi, nilimwonea wivu," nikasema, nalia. "Aende Nakuru. Ashinde. Arudi na kombe, nitalipangusa vumbi mimi mwenyewe. Asife tu."

"Hayo ni kweli, lakini si maana."

Nikajitupa sakafuni, nikamshika kichwa, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake, nikapuliza. Nikapuliza tena. Sikuwa najibu swali la mtu, nilikuwa namtaka mke wangu. Nikapuliza mpaka kifua chake kikainuka.

Kadhi akainama. "Pumzi ya uhai," akasema. "Umeeleza sawasawa. Ila ulilipinga neno la kweli, kwa hiyo zamu yako imepotea."

Nikazinduka. Kulikuwa kumepambazuka. Wakesho alikuwa ameketi kitandani, mkono kifuani, anahema.

"Nimeota nimekatika pumzi," akasema. "Halafu mtu akanipulizia mpaka nikarudi."

"Mtu gani?"

"Sura yake sikuiona vizuri. Mwanamume. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, maskini." Akatabasamu peke yake. "Yaani mtu anipende vile!"

Wivu ukanipanda mpaka utosini. Nikamuuliza kama ni mtu wa klabu. Nikamuuliza kama ni mrefu, kama anamfahamu, kama naye anakwenda Nakuru.

Wakesho alikuwa ananikazia macho.

"Baba Mghoi," akasema, "mbona mdomo wako unang'aa?"

Nikaugusa. Ulikuwa na mafuta ya nazi, yale anayojipaka yeye midomoni kabla ya kulala.